Kishikwambi cha Kwaya

Kila Jumamosi, Irine akishamaliza kufua sare na kumkatia ng'ombe majani, alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha vizuri, kisha akakishusha kishikwambi cha kwaya kutoka juu ya kabati. Alikifuta kioo kwa kitambaa laini, akakichomeka kwenye umeme na kukaa karibu nacho mpaka kijae. Kazi hiyo alipewa na mama yake, Mwalimu Penina, aliyefundisha kwaya ya usharika wao, upande wa juu wa barabara ya Moshi pale Kikatiti. Wanakwaya wote walijua kwamba mtunzaji ni Irine wa darasa la saba, na Irine alipenda sana wajue.

Kishikwambi chenyewe hakikuwa cha mtu mmoja. Kwenye sikukuu ya mavuno ya mwaka uliopita, watu walileta mikungu ya ndizi, mayai, maziwa na majogoo, vikanadiwa nje ya kanisa baada ya ibada kama ilivyo desturi. Jogoo mmoja alinadiwa mara kadhaa, kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha anadiwe tena. Kilichopatikana ndicho kilichonunua kishikwambi. Kila nyumba ilikuwa na mkono wake mle ndani, na Mwalimu Penina alitoa amri moja tu: ni cha nyimbo, si cha michezo.

Humo ndimo ilimokuwa sauti ya Babu Eliya. Mzee huyo alitunga wimbo wa mavuno kwa Kimeru, beti tatu, akaziimba mbele ya kishikwambi ubeti mmoja mmoja ili kwaya ijifunze kwake. Walikuwa wamejifunza beti mbili alipougua na kufariki. Tangu hapo mjane wake, Bibi Ndeshi, alibaki kwenye benchi la mbele kila Jumapili watu wakishatoka, na Irine alimshikia kishikwambi karibu na sikio. Bibi alisikiliza akitikisa kichwa. Ikifika pale katikati ya ubeti wa pili ambapo mzee alikohoa, alicheka. Kisha alimshukuru Irine, akajifunga kitenge chake vizuri na kwenda nyumbani.

Basi, Irine alikuwa mwaminifu, lakini si kiasi kile alichosifiwa. Mama akiwa shambani, alikuwa amepakua mchezo wa kukimbiza magari, halafu wa kupika keki, halafu mingine ambayo hata majina yake hakuyakumbuka. Jumamosi moja kishikwambi kikagoma. Akigusa hapa, kinafungua kule. Matangazo ya viatu yanaruka kioo kizima. Wimbo ukianza, unakwama. Na mazoezi ya kwaya yalikuwa jioni ile ile.

Alikimbilia kwa rafiki yake Brenda. Kaka yake Brenda alikuwa akitengeneza simu kule Kijenge, na kwa sababu hiyo Brenda naye alijihesabu kuwa fundi. Alikigeuza kishikwambi huku na huku, akakipuliza pembeni, akakunja uso.

"Kiriseti tu," alisema. "Kinarudi kama kilivyotoka kiwandani. Mama yako hatajua kitu."

Irine aliuliza nyimbo je. Brenda naye akamuuliza nyimbo zinakaa wapi, na wote wawili wakajibu kwa pamoja kwamba zinakaa kwenye memori kadi. Nani asiyejua hilo? Pale stendi kijana wa nyimbo alikaa na kompyuta yake siku nzima, akiwajazia watu kwaya kwenye kadi zao, na hakuna aliyewahi kuona wimbo ukikaa mahali pengine. Kwa hiyo Irine, akijiona mwangalifu kweli kweli, aliichomoa kadi na kuifunga kwenye pindo la leso. Kishikwambi kilimwonya kwamba vitu vyote vilivyomo vitafutika, kikamuuliza kama ana hakika. Alisoma, akaelewa, akabonyeza.

Jambo ambalo hawakulijua ni hili: kile ulichokirekodi kwa kishikwambi chenyewe hubaki tumboni mwake, mpaka mtu akihamishe. Hakuna aliyekuwa amekihamisha. Kiliwaka safi, chepesi, bila tangazo hata moja, kikamkaribisha Irine utadhani hawajawahi kuonana. Aliirudisha kadi na kutafuta. Nyimbo za Krismasi za zamani zilikuwamo zote, lakini Babu Eliya hakuwamo. Alitafuta tena na tena.

Jioni, mbele ya kwaya, Mwalimu Penina alitafuta pia. Mwishowe aliuliza ni nani aliyekishika. Irine alijibu kwamba yeye amekikuta hivyo hivyo, na ulimi wake, bila kuombwa, ukaongeza kwamba asubuhi alimwona Reginald akikichezea.

Reginald, mdogo wake wa darasa la kwanza, alikuwa kweli amekishika asubuhi, kwa mikono yenye mafuta ya maandazi, ili ajitazame kwenye kioo. Kwa hiyo hakukana. Mama hakumchapa, ila alimwambia asikisogelee tena kamwe. Aliwatuliza wanakwaya kwamba bila shaka kimeharibika tu, na Jumatatu atakipeleka mjini kwa fundi, sauti itapatikana. Wanakwaya wakaridhika. Irine peke yake ndiye aliyejua kwamba fundi hatakuta kitu. Nyumbani, wakati wa ugali, Reginald alipomsogezea kipande chake cha nyama, kwa kumwona dada mtu anahuzunika, Irine alitamani amkatalie kwa kumfokea. Aliona aibu hata kumtazama.

Kesho yake, baada ya ibada, Bibi Ndeshi alikaa kwenye benchi lake kama kawaida na kungoja. Irine alijibanza nyuma ya mlango wa chumba cha majoho. Alimsikia mama akimweleza Bibi kwa upole kwamba leo kishikwambi ni kibovu, avumilie kidogo. Kabla Bibi hajajibu, Reginald alisogea mbele katika shati lake la Jumapili.

"Bibi, naomba unisamehe," alisema. "Nilikishika nikiwa na mafuta mikononi, ndiyo maana sauti ya Babu ikatoka."

Bibi Ndeshi aliweka mkono juu ya kichwa chake na kumwambia kwamba mtoto mdogo hana kosa. Reginald akaanza kulia. Nyuma ya mlango uso wa Irine uliwaka moto mpaka masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya kanisa lile ilikuwa ya saruji nzuri, na haikupasuka. Alitoka.

"Si Reginald," alisema. "Ni mimi. Nilipakua michezo, kishikwambi kikagoma, nikakifuta chote ili Mama asijue. Halafu nikamsingizia mdogo wangu. Fundi hatakuta kitu."

Wanakwaya waliokuwa wakikunja majoho walisimamisha mikono. Mama hakupaza sauti. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kama anayejaribu kumkumbuka, na Irine aliona ingekuwa nafuu mara mia kama angechapwa. Bibi Ndeshi aliuliza tu:

"Hata pale anapokohoa?"

Irine aliinamisha kichwa. Bibi akakaa chini, akawa mdogo kuliko benchi, na Irine alilia kwa aibu mbele ya watu wote waliowahi kumsifu.

Ndipo sauti nzito ikasikika kutoka nyuma. Alikuwa Bariki, fundi ujenzi, anayeimba besi. Aliuliza kama ni hakika kabisa kwamba sauti haipo tena, na Irine alipokubali, alitoa simu yake mfukoni kana kwamba inamuunguza. Alieleza kwamba zamani alirusha beti mbili za mzee kwenye simu ile, ajifunzie kazini.

"Simu hii nimeshaiuza kwa jamaa wa Sombetini," alisema. "Anaifuata mchana huu, nami nilikuwa nifute kila kitu kwanza. Nilijua wimbo uko salama kwenye kishikwambi, na fundi atautoa."

Alibonyeza. Babu Eliya akaimba mle kanisani, na ubeti wa pili ulipofika katikati, akakohoa. Bibi Ndeshi alicheka huku machozi yakimtoka, akaomba arudiwe. Bariki akamrudia mara zote alizotaka, na jamaa wa Sombetini alipopiga simu, aliambiwa asubiri.

Ubeti wa tatu haukupatikana. Wengine walianza kusikitika, lakini Bibi Ndeshi alifuta macho kwa kitenge na kusema kwamba anaujua. Mzee aliuimba wakichuma kahawa, akaurudia hata yeye akamwomba apumzishe masikio yake. Yeye mwenyewe hakuwahi kuimba mbele ya watu, alisema, lakini mbele ya mibuni ameimba sana.

Mama akaamua papo hapo. Kila Jumamosi Irine atapanda kwa Bibi Ndeshi kumsaidia kuchuma kahawa, na Bibi atakapokuwa tayari, ndipo Irine atakaposhika kishikwambi na kuurekodi ubeti ule. Irine akakubali. Kisha alimpigia Reginald magoti na kumwomba msamaha.

Reginald alitazama viganja vyake, kimoja baada ya kingine.

"Kwa hiyo si mikono yangu iliyomfuta Babu?"

"Si yako," Irine alisema, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Jumamosi ya kwanza alipanda akiwa na kikapu na kishikwambi cha kwaya, akiogopa hata kubisha hodi. Alisema shikamoo kwa sauti ndogo. Walichuma mstari mzima, ndipo Irine alipouliza, macho yakiwa kwenye matunda mekundu, kama Bibi bado amekasirika.

"Nilikasirika," Bibi Ndeshi alisema. "Kuharibu, mjukuu wangu, sote tunaharibu. Hata mimi nimewahi kuunguza kahawa ya msimu mzima. Lakini kosa likifichwa, watu wanaendelea na shughuli zao wakidhani mambo ni salama. Ungenyamaza Jumapili ile mpaka jioni tu, Bariki angeshaifuta simu yake kwa mkono wake mwenyewe, na mimi ningebaki bila kikohozi cha mzee wangu. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna mtu wa kukusaidia."

Irine aliitikia. Bibi alitupa matunda kikapuni, akakohoa kidogo kusafisha koo, akamwambia atoe kishikwambi. Irine aliifuta mikono kwenye sketi, akakiwasha, akahakikisha mara mbili kwamba kinarekodi. Kati ya mibuni, bila kumtazama, Bibi Ndeshi akaanza ubeti wa tatu.