Ubeti wa Tatu

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata mama yangu mdogo, aliyekuwa mwalimu wa muziki kwenye sekondari niliyosoma. Lakini nilikuwepo, mstari wa nyuma, nikiimba sauti ya nne, kwa hiyo asinijie mtu na maneno ya "wewe uliambiwa tu".

Ilikuwa Jumanne ya kawaida, saa tisa alasiri, njaa inatuuma. Shule ilikuwa inakaribia kutimiza miaka hamsini. Mwalimu wa historia alikuwa akiandika kijitabu: nani alianzisha shule, mwaka gani tuliongoza mitihani, vikombe vingapi vya riadha vimo kwenye kabati la ofisini. Mama mdogo alipewa wimbo wa shule.

Wimbo huo una beti nne, lakini sisi tuliimba tatu. Ukifika ubeti wa tatu, wote tunainamisha vichwa na kufunga vinywa, na ngoma ya bendi inapiga mapigo kumi na sita peke yake. Kisha tunaingia ubeti wa nne. Ukiuliza sababu, unajibiwa kwamba ndivyo tulivyoukuta.

Mama mdogo hakuwa mtu wa kuridhika na jibu kama hilo. Akapekua makaratasi ya mwalimu wa historia mpaka akayapata maneno ya ubeti ule, kwa mwandiko wa mwalimu wa kwanza wa muziki. Ulitungwa mwaka ambao timu ya mbio za kupokezana vijiti ilipata ajali ikirudi kutoka mashindanoni. Wakimbiaji wanne walikufa siku moja. Ubeti uliwaita warudi, waje waimbe na wenzao, nafasi zao zipo. Maneno matamu, ya kumliza mtu. Mama mdogo akasema ni dhambi kuyaficha.

Sehemu ya kuimba peke yake akampa bintiye, mtoto wake wa pekee. Sisi tulimwita Chiriku. Aliongea tangu anaamka mpaka anasinzia, na yaliyobaki akayamalizia ndotoni. Siku ya sherehe angekuja mkuu wa chuo cha muziki kuchagua wanafunzi wa kusomeshwa bure. Mama mdogo alimlea mtoto yule peke yake, na matumaini yake yote aliyaweka kwenye koo lile.

Mtunza maktaba alipita ukumbini Jumanne hiyo, tukiwa mazoezini. Alisoma shule ileile, akaajiriwa palepale, akastaafu, akagoma kuondoka. Akamvuta mama mdogo pembeni, karibu na niliposimama.

"Mwalimu, ubeti huo uache."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Ukimwita mtu, atakuja. Hao waliitwa mara moja, wakaja. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza." Akashusha sauti. "Walikuja hawana sauti, mwalimu. Wakaazima."

"Kwa nani?"

"Kwa aliyewaita. Na hawakurudisha."

Alipotoka, mama mdogo akatugeukia akitabasamu. "Vumbi la vitabu limempanda mzee wetu kichwani," akasema. Tukacheka. Chiriku alicheka kutushinda wote.

Tukaimba. Beti mbili zikaenda vizuri. Ngoma ikaanza mapigo yake, Chiriku akafungua kinywa, na sauti ikatoka nyembamba, safi, mpaka nikasisimkwa. Akaimba mstari wa kwanza. Akaimba wa pili.

Nyuma yangu mtu akahema.

Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Mgongo wangu uligusa ukuta.

Alihema kama aliyetoka kukimbia. Akahema wa pili. Wa tatu. Wa nne. Pumzi zikapita begani kwangu, za baridi, zikaelekea mbele. Sikugeuka. Mwenzangu wa kushoto alinishika mkono akanibana hadi kucha zikaingia. Nikamtazama mpiga ngoma. Mikono yake ilikuwa mapajani.

Ngoma iliendelea kulia.

Pigo la kumi na sita. Kimya. Chiriku alikuwa bado amefungua kinywa, na hakikutoka kitu. Akajishika koo. Akamtazama mama yake.

Madaktari watatu walisema koo ni zima. Sherehe ilifanyika bila yeye, na ubeti wa tatu tuliupita vichwa chini kama zamani. Mama mdogo alilia, akajilaumu, akakonda. Nyumba ile iliyokuwa haina kituo kwa maneno ya Chiriku, sasa ukiingia ulisikia saa ya ukutani tu. Mwishowe akaomba uhamisho. Sote tuliona ndiyo dawa.

Ila kila Jumatatu kwenye gwaride la asubuhi nilimwona mama mdogo. Ngoma ikianza, sisi tunainama, yeye hainami. Anainua uso, anafumba macho, anatikisa kichwa taratibu. Wiki ya nne alikuwa anatabasamu. Mimi sikusikia chochote zaidi ya ngoma.

Barua ya uhamisho ilikuja Ijumaa. Jumapili jioni nikaenda kwao kusaidia kufunga mizigo, nikakuta sanduku halijafunguliwa. Mama mdogo aliichana barua mbele yangu.

"Siondoki," alisema. "Mwanangu yuko pale. Namsikia kila Jumatatu, sauti ileile. Ananiomba niimbe naye. Kesho nitaimba."

"Mama mdogo, Chiriku si huyu hapa?"

Chiriku alikuwa mezani. Alikuwa ametusikia. Akavuta daftari, akaandika haraka, akachana karatasi na kumsogezea mama yake. Niliyasoma maneno yale nikiwa nimesimama nyuma yao.

*Mama, anayeimba si mimi.*

Mama mdogo akaisoma. Akaisoma tena. Akamshika mtoto shavu, kwa upendo kabisa, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Kisha akachomeka pasi, akaanza kunyoosha gauni lake la Jumatatu.