Diski Iliyokuja Kimya

Mapenzi mengine huanzia kwenye kelele. Haya yalianzia kwenye mtaa wa maduka ya redio na simu, Jumamosi mchana, kila duka limefungulia muziki wake na hakuna anayemsikia mwenzake. Mshonaji mmoja, binti wa watu, alikuwa anapita mlango kwa mlango na kanda ya video ndani ya mfuko, akiuliza nani ana mashine ya kuichezesha. Alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, kalishona mwenyewe, na viatu vilikuwa vimeanza kumbana. Kila alikouliza walimcheka, wakamwambia kanda hizo zilishakwenda na wenyewe.

Kijana mwenye hedifoni shingoni akamsikia. Wenzake walimwita Waya, kwa vile hakuonekana mahali bila nyaya. Kazi yake ilikuwa kupiga video za sherehe na kuzihariri katika chumba kidogo ghorofani. Akasema mashine anayo.

"Ni ya marehemu baba," mshonaji akamweleza. "Anaongea humo. Mama anataka kumsikia."

"Basi atamsikia."

Mshonaji akalitazama shati la kijana. Vifungo vilikuwa vya rangi tatu.

"Wewe nyaya unaziweza, vifungo vimekushinda."

"Nilikuwa namngojea fundi," Waya akajibu, bila hata kucheka.

Kanda ikawa kisingizio. Leo Waya alipita kwenye banda la mshonaji kushonewa vifungo, kesho akarudi na suruali isiyo na tatizo lolote. Wakaanza kupigiana simu za kuulizana kama wamekula, na waliokula tayari wakaulizana wamekula nini. Simu ikilia, mshonaji alisahau mguu kwenye cherehani, sindano ikajiendea ovyo kwenye nguo ya mteja. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mama yake akajua, akasema hana neno, ila angependa kumwona huyo kijana kwa macho yake.

Sasa ile kanda ilikuwa imechoka. Waya alionya mapema kwamba huenda ikacheza mara moja tu, na kweli ilikatika, ila baada ya yote kuingia kwenye kompyuta. Akatengeneza diski ya DVD, akaisikiliza palepale kwenye kompyuta, sauti safi. Hapo ndipo alipokosea, na wanaotengeneza diski za nyumbani wengi hukosea hapohapo. Sauti aliiacha katika mtindo wa MP3 ili iwe nyepesi, programu ikaipokea bila kulalamika, naye hakuijaribu kwenye deki ya televisheni. Alikuwa na haraka ya kupendwa.

Jumapili familia ikakaa sebuleni. Waya alikuwa kazini kwenye harusi ya watu, kwa hiyo diski aliileta mshonaji. Mama alivaa gauni lake la kutokea, kama anayekwenda kupokea mgeni. Deki kuukuu ikaimeza diski. Baba akatokea, mwembamba, anakaza miguu ya meza kwa bisibisi, anafungua mdomo, anacheka. Kimya. Wakaongeza sauti mpaka mwisho, televisheni ikavuma tu. Mama akainuka, akaweka sikio kwenye spika, akarudi kukaa.

"Mkwe katuletea bubu," mama mdogo akasema. "Kanda kaikata, sauti kaila, na mke bado anataka."

Mshonaji akatoka uani, akapiga simu. Waya, na muziki wa harusi nyuma yake, akauliza mara mbili kuna nini, kisha akatamka lile neno la mafundi wote.

"Mbona kwangu inasikika?"

"Kwa hiyo sisi ni viziwi."

"Sijasema hivyo, mpenzi. Nasema kwangu..."

"Mama yangu kaweka sikio kwenye spika, Waya. Baki na huko kwako."

Akakata. Mabinti wasikie hapa, maana nyumba nyingi huvunjika hapa kabla hazijajengwa: alikata kabla hajauliza sababu. Ujumbe wa Waya hakuusoma. Kijana alipokuja bandani, mshonaji wa meza ya pili alitumwa kusema katoka, kumbe mwenyewe yuko nyuma ya pazia la kupimia nguo, viatu vinaonekana. Waya akaviona, akaviaga kwa heshima, akaenda zake.

Nyumbani mama aliacha kabisa kuwasha televisheni. Binti alipoona hivyo, hasira yake ikaota mizizi.

Alasiri moja akarudi kutoka kazini akakuta viatu vya kiume mlangoni. Waya alikuwa kapiga magoti nyuma ya televisheni, mama kamshikia tochi. Alikuwa amebisha hodi, akaomba aione deki tu, hata asipokaribishwa kiti.

"Sauti haijapotea," akamwambia mshonaji bila kuinuka. "Niliiweka kwa mtindo ambao kompyuta inaujua na deki hii haiujui. Nimeazima deki kuukuu kwa jirani, nikajaribu, na huko pia kimya. Ulisema kweli."

"Sasa?"

"Nimeirudia kwa mtindo wa AC3. Huo deki zinausoma, za zamani na za sasa. Lakini sisemi inasikika mpaka isikike hapa."

"Ungeniambia mapema."

"Nilipojua, nilikuwa naongea na viatu."

Mama akauliza viatu gani. Mshonaji akavitazama vyake.

Diski ikaingia. Kwanza ikasikika bisibisi, chuma kwenye mbao. Kisha baba, mwenye mafua kidogo, akimgombeza mpiga picha asimsogelee. Akageuza shingo kuelekea jikoni: "Mama watoto, njoo nawe uonekane." Hakuja mtu.

"Nilikuwa nakaanga," mama akaijibu televisheni, taratibu. "Ningeacha mafuta motoni?" "Hakuniita tena."

Kisha akamgeukia binti yake.

"Na huyu amekuita mara ngapi?"

Mshonaji akaweka mkoba chini, akaenda kukaa kando ya Waya, bega kwa bega.

"Nimekuja," akamwambia.

Waya akamuuliza mama ni lini wazee wake wanaweza kufika kuzungumza. Mama akasema waje wiki yoyote wanayotaka, ila sasa hivi anyamaze, baba anaongea.