Baruti Mbili za Kiwanda Kimoja na Vidole vya Shemeji Yangu

Kidole cha shahada cha shemeji yangu kiliangukia juu ya kiatu changu.

Nimezoea kuandika kwa utaratibu, lakini sentensi hiyo sikupata namna ya kuipamba.

Bastola ilimpasukia Clete mkononi saa nne asubuhi, mbele ya watu arobaini, kwenye uwanja wa shabaha wa klabu yetu hapa Nebraska.

"Verlin! Mkono wangu uko wapi?"

"Upo, Clete. Tulia."

"Mbona siuoni?"

Ilikuwepo nusu yake tu...

Na mimi, huku nikimfunga shati langu kwenye jeraha, mnajua nilimwambia nini?

"Nilikuonya!"

Clete ni mdogo wake Lorene, mke wangu. Kazi yake ni kuwapigilia farasi viatu vya chuma, na kazi hiyo haifanywi kwa vidole viwili.

Mimi ni mwalimu wa kemia, mwaka wa thelathini na moja sasa. Mimi na Clete tulikuwa tukijaza risasi zetu wenyewe kwenye gereji yangu, kama wafanyavyo wengi huku: ganda lililokwisha kutumika, fataki mpya, baruti iliyopimwa, kisha kichwa cha risasi. Ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu.

"Shemeji, Tamarack na Pronghorn ni baruti ileile. Kiwanda kimoja, lebo mbili. Fungua vitabu vya vipimo, namba zinafanana mstari kwa mstari!"

"Mapacha nao hufanana, Clete. Ukimwoa mmoja, hupewi wa pili."

Klabu nzima ilicheka, mtu mmoja akapaliwa na kahawa.

"Cheka, Mwalimu. Iko siku utasema Clete alikuwa sahihi."

"Siku hiyo nitakula kopo pamoja na lebo yake!"

Clete akashikilia lake. Akamimina Tamarack yake iliyobaki ndani ya kopo la Pronghorn, akamtangazia kila mtu, akacheka. Wiki mbili baadaye, vidole vitatu vikaenda.

Nani angetafuta sababu nyingine?

Mnaikumbuka makala yangu humu humu mtandaoni? "Ubishi Umekula Vidole." Niliweka na picha ya ule mkono. Watu elfu nne mkaisambaza. Mmoja wenu akaandika kwamba mjinga kama huyu angepoteza na kichwa... nami nikampa alama ya kupenda.

Klabu ikamfukuza Clete. Nilisoma mashtaka mimi mwenyewe, nimesimama, kwa sauti ya darasani.

Mashamba yakatafuta fundi mwingine wa kwato. Clete akauza tanuri lake na fuawe yake. Siku moja alikuja nyumbani, akakaa jikoni, mkono ameuficha chini ya meza.

"Nisamehe, Mwalimu. Nilijifanya najua."

"Umejifunza nini?"

"Nisichanganye baruti."

"Rudia."

"Jamani, Verlin!" Lorene aliniambia.

"Acha arudie!"

Akarudia.

Sasa nisikilizeni vizuri.

Nilitaka ushahidi wa maandishi ili nimalizie somo langu. Nikakiandikia kiwanda, nikawapa namba zilizopigwa kwenye makopo yote mawili. Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Makopo hayo mawili, walisema, yalijazwa kutoka pipa moja, siku moja. Tofauti yake ni karatasi ya nje. Wakaongeza kwamba hata hivyo hawamruhusu mtu kuchanganya, kwa sababu hawawezi kujua kopo lililofunguliwa limeingiwa na nini.

Limeingiwa na nini...

Nilisoma maneno hayo, nikaikumbuka Jumamosi aliyojaza Clete zile risasi zilizompasukia.

Jumamosi ile, kabla Clete hajajaza risasi zake, mimi ndiye niliyekuwa gerejini. Nilikuwa najaza za bunduki ya kuwindia ndege kwa baruti iitwayo Kestrel, ambayo huwaka upesi kuliko hizo mbili, na kwa kipimo chao hupasua bastola. Lorene akaniita tule chili, mchuzi wa nyama na maharage, na mikate ya mdalasini. Nikarudisha kopo la Kestrel kabatini, kwa maana sipendi meza yenye vitu. Ila chupa ya kipimio, kile chombo cha kupimia baruti, sikuimwaga. Ilibaki imejaa.

Clete akafika. Akapita gerejini, akaweka kopo lake mezani kando ya kipimio, akaja kula.

Nilimaliza kula kwanza. Nikaingia gerejini, nimekwisha kusahau baruti yangu, nikaona kipimio kimejaa na kopo la Clete kando yake. Nikajisemea, mzembe huyu! Kajaza kisha kaacha wazi.

Basi nikamsaidia. Nikaimimina baruti yote ndani ya kopo lake. Nikafunga kifuniko. Nikaligeuza kopo ili lebo itazame mbele.

Kestrel na ile ya Clete zote ni vipande vya kijivu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Baada ya chakula Clete alikuja, akafungua kopo lake mwenyewe, akapima kwa kipimo chake sahihi, akajaza risasi hamsini.

Kwa hiyo nilifanya nini na barua ile? Nilikiri?

Niliitoboa matundu mawili, nikaiweka kwenye jalada, herufi B, Baruti. Ikakaa humo miezi minne. Na katika miezi hiyo nilimruhusu Clete aniombe msamaha mara mbili zaidi.

Lorene alikuwa anatafuta hati ya bima. Herufi B. Akaikuta barua ile.

"Verlin, siku ile nilikuletea kahawa gerejini. Nilikuona unamimina kitu kwenye kopo la mdogo wangu. Nikadhani unampangia vitu vyake."

"Nilikuwa nampangia, Lorene..."

"Ingia garini."

Clete alifungua mlango kwa mkono wa kushoto. Nilimweleza yote, nimesimama kibarazani. Hakunitukana. Aliuliza jambo moja.

"Kwa hiyo zilikuwa baruti ileile?"

"Ileile."

"Sema kwa sauti, Mwalimu."

"Clete alikuwa sahihi!"

Akaingia ndani. Akatoka na kopo la Pronghorn, akalibana kwapani, akaibandua lebo polepole kwa vidole viwili vilivyobaki. Ilimchukua muda mrefu. Nilipotaka kumsaidia, Lorene alinizuia.

"Usimguse."

Clete akaninyooshea ile karatasi.

"Kopo nitakusamehe, shemeji. Anza na lebo."

Nilikula. Gundi yake ni chungu, na dada yake Clete alisimama akitazama mpaka nilipomeza.

Somo ninalowaachia ni hili. Baruti unayoikuta kwenye kipimio, usiyoitia wewe, haina kopo la kurudishiwa. Imwage. Na kabla hujaandika makala juu ya uzembe wa mwenzako, kumbuka nani aliingia gerejini kabla yake.

Wale elfu nne, tafadhali isambazeni na hii.

Mpaka sasa mmeisambaza kumi na moja.