Kisanduku cha Buluu Juu ya Bangwe

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika. Haruna, kijana wa mtaani kwetu hapa Ujiji, alikunywa chai yake taratibu kisha akaenda kurusha droni. Usiku kilima cha Bangwe kilikuwa kimeporomoka na matope yakafukia nyumba za kando ya ziwa. Kazi yake na bosi wake, Oswald, ilikuwa kupiga picha kutoka angani. Akili mnemba iliyomo kwenye kompyuta ilizipaka nyumba rangi: nyekundu zilizobomoka, kijani zilizopona. Ikiona mtu, humchorea kisanduku cha buluu, na mtumbwi wa waokoaji hutumwa.

Kisanduku kikatokea kwenye nyumba moja ya pembeni iliyopakwa kijani. Mlangoni alisimama mwanamke mzee, akipunga kanga.

Haruna alimjua. Ni shangazi yake, Mwanvua, aliyemlea tangu mama yake afariki. Watu walimwita mchawi, na Haruna, tangu apate kazi, hakukanyaga tena kwake.

"Yule si mtu?" Oswald aliuliza.

Akilini Haruna alimwona shangazi akishushwa kwenye kambi ya waokoaji mbele ya wafanyakazi wenzake, akimwita mwanangu kwa sauti. Uso ukamchoma.

"Nguo tu, bosi. Imeanikwa."

Akakifuta kisanduku.

Kikarudi. Akafuta. Kikarudi tena. Sasa shangazi hakupunga. Alikuwa ameinua uso, anamtazama.

Haruna akaiacha kompyuta, akakimbilia mtumbwini.

Alipofika hapakuwa na mlango. Hapakuwa na nyumba. Ukuta ulikuwa umelala juu ya matope. Kuruthumu, jirani wa shangazi, alikuwa amesimama hapo, mikono kifuani.

"Ukuta ulimwangukia usiku," alisema kwa sauti ya chini. "Aligonga mpaka karibu na alfajiri. Tulimsikia."

"Mbona hamkwenda?"

Kuruthumu akainamisha kichwa. "Tuliogopa. Si unajua yaliyokuwa yakisemwa." Akautazama ukuta. "Alikuwa anakuita wewe."

Wakafukua. Mwili ulikuwa umeshakakamaa.

Wakamzika siku hiyohiyo. Haruna alibeba jeneza, watu wakampa pole, wakamsifu kwa kuwahi kufika. Kila pole ilimwingia kama mwiba. Hakumwambia mtu habari za kisanduku.

Baada ya matanga, Oswald alimwita ufukweni wakaijaribu droni kabla ya safari nyingine. Jua lilikuwa kali, mchanga mkavu. Haruna alisimama peke yake ili apigwe picha. Droni ikapanda. Oswald akainamia kioo cha kompyuta.

"Haruna," aliita polepole. "Huyo mama aliyekushika bega ni nani?"

Haruna hakugeuka. Shingo ilikataa. Macho yake yalikuwa chini.

"Shangazi yangu," alinong'ona.

Pembeni ya viatu vyake palikuwa na nyayo mbili za miguu mitupu, zimejaa maji. Za kuja hapo hazikuwepo.