Mikono Usiimulike

Sanduku lilimponyoka mtu juu ya lori, likateremka kwa magurudumu yake na kumwelekea msichana aliyesimama langoni mwa uwanja akisoma beji yake mpya. Asubuhi hiyo lango lote lilikuwa vurugu. Malori yalirudi nyuma yakilia, mafundi wa vyuma walipigiana kelele, na mvua ya rasharasha ilimlowesha kila mtu bila upendeleo. Mwanamume mwembamba mwenye shati jeusi lililopauka, waya za gitaa zikimning'inia shingoni, alijitupa mbele na kulizuia lile sanduku kwa goti.

"Dada, humu ukitaka kusoma, soma huku unakimbia," alisema akijikunja kwa maumivu.

"Na wewe kaka, sanduku huzuiwa kwa mikono."

"Mikono yangu ina kazi nyingine. Goti ndilo halina ajira."

"Basi pole na hilo goti lako lisilo na ajira."

Alicheka, akaondoka akichechemea. Msichana alimfuata kwa macho mpaka akapotea nyuma ya jukwaa. Siku hiyo hakujua kwamba kumfuata mtu huyo kwa macho ndiko kutakakomponza.

Wenzake walimwita Nyuzi kwa kuwa alitunza magitaa ya bendi. Alibadilisha nyuzi, akazikaza, akampokeza mpigaji gitaa lililo tayari katika giza la pembeni mwa jukwaa. Msichana naye, kabla wiki haijaisha, alikuwa ameshapewa jina la Kurunzi. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti kidogo kilichoning'inizwa juu kabisa, nyuma ya jukwaa, mkanda wa usalama umembana kiunoni, na kuwafuata wanamuziki kwa taa moja kubwa. Bendi yenyewe ilikuwa ya roki, wazee wanne waliokuwa wakiizunguka dunia kwa mara ya mwisho. Hivyo ndivyo mabango yalivyodai, ingawa mabango yalishawahi kudai hivyo kabla.

Mapenzi ni kikohozi. Kufikia mji wa tatu hata wapishi walikuwa wamejua. Lakini watu wa taa walisafiri basi lao na watu wa ala basi lao, kwa hiyo mapenzi yale yaliishi zaidi kwenye simu.

"Umelala, mpenzi?"

"Nitalalaje na fundi wa sauti anakoroma nyuma yangu? Ninyi mko wapi?"

"Nyuma yenu. Naliona basi lenu. Hebu nipungie."

"Haya nimekupungia. Umeniona?"

"Nimekuona. Umevaa kile kisweta changu kibaya."

"Kama ni kibaya, mbona ukikikosa unanuna?"

Walikuwa pia na mazungumzo yao ya kazini. Kabla ya kila onyesho Nyuzi aliwasha tochi yake ndogo huko chini gizani, mara mbili. Ya kwanza ilisema nipo, ya pili ilisema nakupenda. Kurunzi alijibu kwa kufungua na kuziba taa yake kidogo, mara mbili vilevile, na moyo wake ukatulia kule juu palipotikisika kwa upepo.

Kilichomsumbua kilikuwa wimbo mmoja, ule wa polepole. Kila ulipofika, msimamizi wa jukwaa alimwambia kupitia vipokea sauti vya masikioni, "Kurunzi, Mzee peke yake. Kiunoni kwenda juu. Mikono usiimulike." Mzee ndiye aliyekuwa mpiga gitaa wa bendi, na watu walilipia tiketi kuusikia wimbo huo kutoka vidoleni mwake. Kwa nini basi vidole vifichwe? Kurunzi aliuliza mara moja, akajibiwa afuate amri.

Aliyekaa juu huona vichwa vyote. Wimbo ule ulipoanza, Nyuzi aliacha nafasi yake, akapenya nyuma ya pazia jeusi upande wa nyuma. Punde Dada Sindano, mshonaji wa bendi, mwanamke mrefu mwenye midomo myekundu na gauni lililomkaa kama alizaliwa nalo, alipenya hapo hapo. Kisha giza. Ilikuwa hivyo kila mji, kila onyesho.

Alivumilia hadi asubuhi moja, wakila kifungua kinywa hotelini, akashindwa.

"Ule wimbo wa polepole ukianza, wewe unakwendaga wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani hiyo, ya wewe na Dada Sindano gizani?"

Nyuzi aliweka kikombe mezani. "Mpenzi wangu, kuna jambo, lakini si langu kulisema. Nakuomba uniamini."

"Nikuamini! Kila mwanamume akibanwa husema niamini."

"Mimi sijabanwa. Nimekuomba."

Kurunzi aliinuka akamwacha na chai inapoa. Jioni hiyo tochi iliwaka mara mbili kama kawaida. Kurunzi hakujibu.

Sasa, pazia lile lilikuwa la kitambaa chepesi cha wavu. Nyuma yake kukiwa na giza, linaficha hata tembo. Nyuma yake kukimulikwa, linakuwa dirisha. Mtu wa taa hufundishwa hilo siku ya kwanza, na Kurunzi alilijua vizuri kuliko jina la mtaa wao. Lakini hasira hasara. Wimbo ulipoanza na wale wawili wakapenya, hakuwaza kitambaa wala uwanja uliojaa. Aliwaza midomo myekundu. Akaizungusha taa, akaimwaga nyuma ya pazia, aone kwa kupepesa macho tu na kuirudisha.

Nyuzi alikuwa ameketi juu ya sanduku, gitaa pajani, macho ameyafumba, vidole vikikimbia. Dada Sindano alikuwa amempa mgongo, akilinda upenyo wa pazia asiingie mtu.

Uwanja mzima uliona. Mzee alipoona watu wanatazama nyuma yake, aligeuka, na mikono yake ikaliachia gitaa. Ilining'inia ubavuni ikitetemeka, na gitaa liliendelea kulia. Hapo ndipo Nyuzi alipofumbua macho, akakutana na mwanga. Alitazama juu, moja kwa moja kwenye kile kiti, na vidole vyake vikasimama. Miluzi ya kuzomea ilianza.

Walikutana kwenye ujia wa nyuma ya jukwaa, Kurunzi bado na mkanda kiunoni.

"Ni mjomba wangu," Nyuzi alisema, sauti chini. "Mama alipofariki ndiye aliyenilea. Mikono ilianza kumsaliti zamani. Aliniapisha nisimwambie mtu, hata mke nikioa. Na mimi nilikuwa nakwenda kumwomba aniruhusu nikuambie wewe."

"Nisamehe, Nyuzi. Wivu ulinipofusha."

"Nikikusamehe mimi, uwanja mzima utasahau?"

Ziara ilivunjwa, na mabango safari hii yakawa yamesema kweli. Kurunzi alirudi nyumbani kwa mama yake, akapata kazi kwenye ukumbi mdogo wenye viti vinavyolia, akimulika mahafali na wahubiri. Simu ya Nyuzi haikupatikana. Mama yake alimwangalia jioni hadi jioni, hatimaye akasema, "Mwanangu, simu huichakazi kwa kuitazama, unajichakaza wewe."

Simu iliyoita mwishowe haikuwa ya Nyuzi.

"Wewe ndiye uliyenianika?" iliuliza sauti nzito.

Aliinuka bila kujijua. "Ni mimi, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nimesikia una ukumbi. Nataka kupiga hapo, mchana, kwa watu wachache. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ila sharti langu ni moja. Imulike mikono."

"Mikono, Mzee?"

"Inatetemeka, lakini ni yangu. Nimechoka kuificha kama mali ya wizi. Na kabla hujauliza, Nyuzi atakuja. Atakuja kwa ajili yangu. Nakwambia mapema usije ukajipamba bure."

Alijipamba hata hivyo. Alivaa gauni la buluu lenye mikono mirefu na hereni ndogo za mama yake, akapanda mapema kwenye ngazi ya taa, akashuka, akapanda tena. Nyuzi aliingia amebeba magitaa mawili, ndani ya kile kisweta kibaya. Alikuwa amekonda.

"Habari, Kurunzi."

"Nzuri. Goti je?"

"Mvua ikinyesha linanikumbusha." Alitabasamu kidogo, tabasamu likaisha njiani.

"Bado una hasira nami?"

"Hasira iliisha siku nyingi. Lakini zamani nilipiga nikiwa nimefumba macho. Sasa nikiyafumba, nayafumbua tena haraka kuangalia juu. Hilo ndilo halijaisha, na sitaki kukudanganya."

Angemlilia kama wangekuwa peke yao. Akaenda kazini.

Kabla ya onyesho aliangalia gizani pembeni mwa jukwaa. Tochi haikuwaka. Mzee aliketi kwenye kiti cha kawaida, akautaja ule wimbo wa polepole, na Kurunzi akaishusha taa mpaka ikaikumba mikono. Ilitetemeka mbele ya kila mtu. Ilikosea, ikarudia, ikasahau kipande kizima na kukiruka. Wimbo ulikwenda kama mtu mgonjwa anayepanda ngazi, na hakuna aliyepiga mluzi. Mwanamke mmoja safu ya mbele alikuwa akilia waziwazi. Kurunzi hakuthubutu kulia, maana machozi yangeyumbisha taa.

Taa za jukwaani zilipozimwa na Mzee akashikwa mkono kutoka, Kurunzi aliangalia tena kule gizani. Tochi ndogo iliwaka, ikazimika.

Nipo.

Alisubiri ya pili. Alisubiri mpaka watu wakaanza kusogeza viti, na haikuwaka. Akafungua na kuziba taa yake mara mbili, zote mbili, kisha akashuka ngazi kwenda kumsaidia kubeba masanduku.