Sura Iliyotafutwa Kwenye Barafu Tupu

Chumba cha hadubini hakikuwa na harufu, wala hakikutakiwa kuwa nayo. Hakikuwa na dirisha, mlango wake ulikuwa mnene kama ukuta, na hata vumbi la viatu liliachwa nje. Kwa hiyo asubuhi ile mtafiti alipoufungua mlango akakutana na harufu ya kafuri, kafuri ile wanayopakwa maiti kabla ya kufungwa sanda, alisimama na kitasa mkononi, akasema moyoni, "Mungu nistiri."

Nyuma yake aliingia Mama Barafu, fundi wa mashine. Walimpa jina hilo kwa sababu ndiye aliyegandisha sampuli, na mtungi wake wa naitrojeni ulifuka moshi mweupe kila alikopita.

"Dokta, umejipaka nini leo? Unanukia kama umetoka kuoshwa!" Kisha akakumbuka, akaziba mdomo. "Nisamehe, kaka. Mdomo wangu hauna breki."

"Haina neno, dada."

Alikuwa mgane. Udongo wa kaburi la mkewe ulikuwa bado haujashikana. Mama wa watu alifariki na mimba yake siku moja, nyumbani, damu ikimtoka, na mumewe akiwa kazini, ndani ya chumba hiki hiki cha hadubini. Simu haziruhusiwi karibu na mashine; huachwa kwenye kabati ukumbini. Msibani kila mtu alimpa pole. Mama mkwe wake, mjane aliyempoteza binti yake wa pekee, alimshika kichwa akamwambia, "Usijilaumu, baba. Ungejuaje?" Naye aliinama asimtazame, watu wakadhani ni huzuni.

Elimu alikuwa nayo, shahada zote mpaka ile ya uzamivu. Kazi ya kudumu ndiyo hakuwa nayo. Miaka yote tangu ahitimu aliishi kwa mikataba mifupi, leo maabara hii, kesho ile. Mama Barafu aliiita kibarua cha kuvaa joho. Sasa mkataba huu nao ulikuwa unakata roho, na Profesa, mkuu wa maabara, alikwisha kumwambia bila kuzunguka: "Nipe umbo la ile protini, nikupe nafasi ya kudumu. Bila umbo, sina maneno ya kukutetea."

Protini yenyewe ilikaa juu ya ngozi ya kirusi kimoja cha maradhi, ndogo kupita akili. Hadubini huipiga picha ikiwa imegandishwa ndani ya barafu, na picha moja haionyeshi kitu, ni chengachenga tupu kama mchanga uliomwagwa. Kompyuta huokota punje maelfu kwa maelfu, ikazipanga juu ya nyingine zinazofanana nazo, mpaka umbo linajitokeza. Lakini kuna onyo ambalo kila mwanafunzi hupewa: usiionyeshe kompyuta umbo unalolitamani ukaiambia ilitafute. Itakuletea. Hata kama barafu haina kitu ndani, itaokota mchanga unaofanana na tamaa yako na kukupangia.

Barafu yake haikuwa na kitu. Alilijua hilo. Akaionyesha kompyuta umbo.

Umbo likatoka, zuri. Profesa akapiga makofi, wenzake wakampongeza, mmoja akasema, "Mkeo huko aliko anakuombea." Aliitikia amina. Kafuri ilianza kesho yake.

Ikafuata sauti. Akiwa peke yake mbele ya mashine, alisikia simu ikilia ukumbini, mlio wa simu yake, ingawa mlango ule haupitishi hata mlipuko. Alipotoka, aliikuta kabatini imezimwa. Akarudi. Ikalia tena.

Kisha umbo likageuka. Alikuwa amelifungua kwenye kioo alinganishe vipimo, mchana kweupe huko nje lakini humo ndani giza la siku zote, akaona kwamba pale palipokuwa na mkunjo wa protini sasa pana mviringo kama wa sikio, akasugua macho, akaona chini ya sikio pana shavu, na shavu lina kile kishimo alichokuwa akikibusu, na kadiri alivyojaribu kulifunga faili ndivyo sura ilivyozidi kumgeukia polepole, kama mtu anayeamshwa usingizini, mpaka macho yakawa yanamtazama, na pumzi baridi ikampiga shingoni huku sauti aliyoizika kwa mikono yake ikinong'ona:

"Mume wangu, ulitoka kunywa maji. Uliiona simu inalia. Uliliona jina langu. Ukasema, nimalize kwanza. Ukarudi ndani."

Ilikuwa kweli. Hakuna binadamu aliyeijua kweli hiyo ila yeye.

Alikwenda kwa shehe msomaji, mzee mwenye kikohozi, baada ya sala ya alasiri. Shehe alimwekea mkono kichwani akasoma, na katikati ya kisomo kinywa cha mtafiti kikafunguka chenyewe, kikatoa sauti ya kike:

"Aliomba sura mahali patupu, nikampa! Mnanifukuzia nini? Nyumba kanifungulia mwenyewe!"

Shehe akaendelea kusoma mpaka jasho likamtoka, kisha akafunga msahafu.

"Wafu hawarudi, mwanangu," alisema. "Mkeo yuko kwa Mola wake, Mungu amrehemu. Huyu ni jini, kavaa sura yake. Mimi nasoma anatoka, lakini una milango miwili wazi, atarudi. Unaijua?"

"Naijua, shehe."

"Ifunge. Yote miwili. Huo wa pili ndio mzito, siyo?"

Alifunika uso kwa mikono, akalia.

Mlango wa kwanza aliufunga. Kwenye mkutano wa maabara alisimama, akasema picha ile ni barafu tupu, na kwamba aliionyesha kompyuta umbo hali anajua. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kusanya vitu vyako," alisema, bila kumtazama. Mama Barafu alimsindikiza mpaka nje. "Umetutia aibu, kaka," alisema. "Lakini leo kwa mara ya kwanza chumba changu hakinuki. Nenda salama."

Kweli, hewa ilikuwa safi. Alitembea moja kwa moja hadi kwa mama mkwe wake, maneno akiwa ameyapanga njia nzima.

Kikongwe alimpokea kwa furaha asiyoitarajia. Alikuwa amevaa kanga mpya. Mezani palikuwa na viti vitatu.

"Karibu, baba. Nilijua utakuja leo."

"Mama, nimekuja na neno. Kuhusu siku ile. Simu."

Kikongwe akamshika mkono kwa vidole vyake vyote. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, kama ya mtu asiyelala. "Hata mimi nina swali, linanitafuna. Niambie ukweli nipumzike. Simu ya mwanangu uliiona?"

Ukweli ulikuwa pale, mdomoni, umeshafika kwenye meno. Aliutazama uso ule uliochakaa kwa kulia, uso pekee uliobaki duniani kumhesabu mwana, na aibu ikampanda mwili mzima kama homa.

"Hapana, mama," alisema. "Sikuiona."

"Alhamdulillahi!" Kikongwe akashusha pumzi ndefu. Kisha akageukia kiti cha tatu, kilichokuwa kitupu, akatabasamu, akakiambia kwa upole:

"Umesikia, binti yangu? Si nilikuambia mimi? Mumeo hakuiona."

Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu anapoinuka.