Maji ya Awino

KUHUSU: KUWEPO KWA CHOMBO CHA KIOO CHENYE MAJI YA CHUMVI NA VIUMBE VISIVYO VYA ZIWA KATIKA NYUMBA YA SERIKALI, DARAJA LA PILI, HOMA BAY.

Ndivyo barua ilivyoanza. Nakala ilikwenda kwa Afisa wa Nyumba, kwa Afisa wa Uvuvi na, kwa sababu ambayo hakuna aliyewahi kuieleza, kwa Afisa wa Michezo na Utamaduni. Uvuvi wakajibu kwamba matumbawe si samaki. Nyumba wakajibu kwamba matumbawe si mifugo wala si fanicha, hivyo hayana kifungu. Michezo hawakujibu. Barua ikalala kwenye trei kama wenzake, ikingoja mtu astaafu.

Mwenye chombo alikuwa Makori, afisa wa vipimo na mizani. Mkisii, Msabato, mtu aliyeweza kukaa mkutanoni asubuhi nzima bila kutoa neno ila “mimi pia.” Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kilo ya mama muuza samaki ni kilo kweli, na kwamba mizani ya miwa kule Awendo haijajifunza tabia mbaya. Alipendwa kadiri mtu wa kazi hiyo anavyoweza kupendwa.

Jioni moja alikuwa anatoka kituo cha petroli na mtungi wa maji ya betri. Vijana wa pale walishamzoea.

“Mzee, gari utanunua lini?” mmoja akamwuliza. “Maji ya betri unayo, imebaki tu gari.”

“Bado natafuta rangi,” Makori akasema, akaenda zake.

Maji ya betri ni maji matupu. Hayana chokaa, hayana ile dawa ya mfereji, hayana chochote. Na tangi la bahari linataka hivyo, kwa sababu kinachoruka hewani ni maji peke yake, chumvi hubaki. Ukiongeza maji ya chumvi juu ya chumvi iliyobaki, unawachoma viumbe polepole. Mkewe Awino ndiye aliyemfundisha, na Makori hakujifunza mpaka alipobaki peke yake. Kila alipoachiwa tangi aliongeza maji ya chumvi, na kila mara Awino alimfukuza kama kuku aliyeingia sebuleni.

“Jamizani, toka hapo! Wewe pima samaki wa watu. Mambo ya chumvi ni yangu.”

Jamizani. Mtu wa mizani. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo.

Sasa Awino alikuwa amezikwa kilimani kwao Makori, kati ya majani chai na migomba. Watu wake walikuja kutoka kisiwa cha Takawiri wakasimama kando ya kaburi wakinong’ona kwamba mtoto wa ziwa amelazwa mahali ambapo hata wimbi halisikiki. Makori aliwasikia.

Alifungua mlango. Taa za tangi zilikuwa zimegeuka buluu, kama zilivyojigeuza kila magharibi, na sebule nzima ilikuwa na rangi ya mtu aliye chini ya maji. Aliweka mtungi chini, akainama kutazama mstari ambao Awino aliuchora kwenye kioo.

Maji yalikuwa yamefika kwenye mstari.

Asubuhi yalikuwa yamepungua. Aliona kwa macho yake.

Akapapasa zulia. Mbele ya tangi palikuwa na unyevu, na unyevu huo ulikwenda mpaka mlango wa jikoni. Ulikuwa na umbo la nyayo. Zile za nyuma zilikuwa zimeanza kukauka, na zilipokauka zilibaki nyeupe.

Chumvi.

Ziwa la Homa Bay halina chumvi.

Makori alifanya alichokijua. Akapima. Awino alikuwa amefanya kazi Mtwapa, pwani, kwa watu wanaosafirisha samaki wa mapambo, na alikuja kwenye ndoa na sanduku la vichupa vya kupimia. Unachota maji kidogo, unadondosha dawa, tone kwa tone, mpaka rangi ya waridi igeuke samawati. Matumbawe hujenga mifupa yao kutoka kwenye maji: yanakula kalisiamu, yanakula magnesiamu, yanakula ayodini kidogo sana ambayo bila hiyo hupauka. Kila siku lazima mtu arudishe kilicholiwa. Awino alikuwa akirudisha. Tangu afe, hakuna aliyerudisha kitu. Chupa za dawa ziliisha, na Makori hakuweza kujilazimisha kuagiza nyingine. Alikuwa akingoja tu tangi life kwa utaratibu wake, ndipo naye ajue la kufanya.

Kipimo kilitoka kamili, sawasawa na siku za Awino.

Akapima tena, kama anavyompimia mama mgomvi sokoni. Kamili.

Ndipo akasikia jikoni kifuniko cha chupa kikifunguliwa... krii... krii...

Kisha tone.

Tone.

Tone.

Na harufu ikaja: mwani, na ile dawa ya kahawia wanayopaka vidonda hospitalini.

“Makori...” ikanong’ona sauti nyuma ya mlango. “Umekula?”

Msabato anajua kwamba wafu wamelala na hawana habari. Makori alilijua fundisho hilo tangu utotoni. Alisimama na kichupa mkononi, na hakukemea.

“Bado,” akasema.

“Kula. Na usifungue huu mlango. Sijavaa.”

Akacheka. Akalia. Akakaa chini zuliani, karibu na zile nyayo, akala ndizi.

Baada ya hapo alianza kutoka kazini mapema, jambo lililowashangaza wenzake, kwani kwa miezi alikuwa akibaki ofisini mpaka mlinzi amfukuze. Magharibi ikifika, buluu ikitanda, yeye yuko kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni. Waliongea kuhusu bei ya omena, wale dagaa wa ziwani. Waliongea kuhusu Afisa wa Michezo. Matumbawe yalinawiri, yakafunguka kama maua, yakasukumana na kioo. Majirani walisema nyumba ile ina jini la buluu, na kwa mara ya kwanza Makori hakuona haja ya kupima ukweli wa jambo.

Lakini jino likalegea. Kisha jingine. Usiku misuli ya miguu ilikakamaa mpaka akauma shuka. Kola za mashati zikaanza kumbana, hali mwili wote ulikuwa unapukutika.

Daktari mmoja kijana alimshika shingo, akakunja uso.

“Hii ni rovu inaanza, uvimbe wa shingo. Mzee, rovu sisi tunaiona kwenye vitabu tu siku hizi! Huko kwako hamli chumvi ya ayodini?”

“Tunayo nyingi,” Makori akasema.

“Na kalisiamu yako iko chini sana. Magnesiamu pia. Ni kama kuna mtu anakukamua.”

Makori alirudi nyumbani na majibu yake, akayaweka mezani kando ya vichupa. Akapima maji ya tangi. Kalisiamu juu. Magnesiamu juu. Ayodini juu. Katika kazi yake, mzigo ukiongezeka ghalani na hakuna lori lililoingia, afisa huuliza umetolewa wapi. Alijipapasa taya. Hakuwa na haja ya kuuliza.

Hata hivyo jioni hiyo hakuondoka. Mke akimhitaji mumewe ampe kidogo cha mifupa yake, alijiambia, ni kitu gani? Watu wametoa figo.

“Makori,” sauti ikasema, “leo nimeongeza maji ya chumvi. Yalikuwa yamepungua.”

Akarudisha tonge kwenye sahani.

“Umeongeza nini?”

“Maji ya chumvi. Si ndivyo?”

Awino asingefanya hivyo hata usingizini. Lile kosa halikuwa la Awino.

Lilikuwa la Makori mwenyewe.

Yule wa jikoni alilijua tangi kama Makori alivyolijua. Alijua alichojua Makori, pamoja na alichokosea. Basi je, kuna lolote alilojua zaidi ya hapo?

Kulikuwa na jambo moja ambalo Makori hakulijua. Awino alifia hospitalini. Makori alikuwa Awendo, na lori la miwa lilikuwa limeanguka njiani, na alipofika mkewe alikuwa ameshafunikwa shuka. Lorine, mdogo wa Awino, ndiye aliyekuwa naye mwishoni. Makori hakuwahi kumwuliza. Aliogopa jibu.

“Awino,” akanong’ona. “Siku ile... kabla sijafika. Ulimwambia nini Lorine?”

Tone likaanguka. Harufu ya ayodini ikamjaa kooni.

Kisha, kwa sauti tamu kuliko zote: “Nilimwambia akuambie usijilaumu. Nilimwambia nilikusubiri mpaka nikachoka, na sikukasirika.”

Ni maneno yale yale aliyokuwa akijiambia kila usiku.

Kesho yake alimtafuta Lorine kwenye banda lake la omena karibu na gati. Lorine akainuka, akaweka mikono kiunoni.

“Nyasaye, Mungu wangu! Shem, hii ni nini? Umekauka kuliko hii omena yangu! Nani anakupikia?”

“Lorine, nataka kukuuliza kitu.”

“Kama ni kuoa tena, uliza. Kwetu mwanaume anangoja kwanza mke amtembelee kwa ndoto, wamalizane vizuri. Umemwota dada?”

“Alisema nini? Mwishoni.”

Utani ukamtoka Lorine usoni. Akachota omena kwa kiganja, akaimwaga tena, polepole.

“Kwani unataka ya kanisani ama ya ukweli?”

“Ya ukweli.”

“Alitaka soda, shem. Ya machungwa, baridi. Akasema nikimletea ya moto atanirushia. Nikaenda kununua. Nikarudi...” Akajifuta macho kwa ukingo wa leso. “Hivyo tu.”

“Hakunitaja?”

“Hakujua anakufa. Angekutaja kwa nini? Alikuwa na kiu.”

Makori akamshukuru. Akanunua omena ambayo hakuihitaji. Njiani alipitia ofisini, akachukua sanduku la mbao ambamo mawe ya mizani ya serikali hulala kwenye mahameli, na jioni akalifungua mbele ya tangi. Alitoa kilo moja. Ilikuwa ya shaba tupu, nzito, baridi. Chembe ya shaba ambayo mtu hawezi kuionja kwenye chai huua matumbawe yote. Awino hakukubali hata sarafu iwekwe juu ya kioo. Kilo nzima ingemaliza kila kitu kabla ya alfajiri.

Akaishika juu ya maji. Buluu ikamulika mifupa ya mkono wake.

Jikoni, kifuniko kikaacha kuzunguka.

“Jamizani...”

Akaikaza kilo mkononi.

“Jamizani, nimefanya nini?”

Haikuwa na hasira. Ilikuwa na woga. Nyuma ya mlango kitu kikateleza chini polepole, kama mtu anayeketi sakafuni na kuegemea mbao. Kisha kikaanza kulia, kwa kile kilio cha Awino cha kujizuia, ambacho Makori alikijua na kwa hiyo kitu kile nacho kilikijua.

Nyumba nyingine zote mtaani zilikuwa na watu. Redio, sufuria, watoto wakiitwa kuoga. Kilo ikaanza kumlemea mkono.

Ofisi iliandika kwamba afisa huyo alihamishiwa Migori na hakuripoti. Majirani walisema jini limemmeza, na wakazuia watoto kupita upande ule. Lorine alikuja siku moja na samaki, akafika mlangoni, akasikia dada yake akicheka ndani. Akaacha samaki pale pale chini na kukimbia, na mpaka leo hapendi kuulizwa.

Kilichotokea ni kwamba jioni ile Makori alijua aliyekuwa jikoni si Awino, akairudisha ile kilo sandukuni, na akavuta kiti chake karibu na mlango.